Paa la Mwitongo

Jumatatu, 4 Machi 2024

Mvua imeanza. Kila masika huandika kurasa chache, kwanza kwa ajili ya shamba, na pia kwa sababu mwalimu mstaafu asiyeandika huanza kuzungumza na kuku. Mwaka huu shamba ni dogo: kunde, muhogo na mahindi kidogo nyuma ya nyumba, hapa Bweri, Musoma. Nyumbani tuko wawili, mimi na mjukuu wangu Nyangi, binti wa marehemu mwanangu Ephraim.

Nyangi anasomea ufundi wa mitandao ya kompyuta katika chuo kidogo kilicho ghorofani pale Iringo. Nilitaka awe mwalimu. Yeye amechagua waya. Jioni hii amechuna kipande cha kebo juu ya meza ya chakula. Ndani mna nyuzi nane za rangi, na anasema kwamba uzi mmoja ukikaa mahali pasipo pake, kompyuta mbili haziwezi kusemezana. Nilimwambia kwamba sentensi nayo iko hivyo.

"Babu, kwani kila kitu ni sarufi?"

"Kila kitu kina utaratibu wake."

"Basi utanisaidiaga kupanga."

"Nitakusaidia," nikamsahihisha.

"Ee, ndo hivyo. Utanisaidiaga."

Ananichokoza makusudi. Bibi yake alikuwa hivyo hivyo.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Kunde zimetoka.

Jumapili, 10 Machi

Baada ya Misa Nyangi alikuja na mwanafunzi mwenzake, Fredy, kijana wa Bunda, mrefu, mwenye kucheka kabla ya kusema. Alinipa shikamoo kwa mikono miwili, kisha akala ugali wa muhogo na sato kana kwamba hajaona chakula tangu Noeli.

Nilimwuliza kazi yao hasa ni ipi. Akasema: "Mwalimu, mtu akikosa intaneti anatupigia akiwa na hasira. Sisi tunamwambia azime halafu awashe. Ikikataa, tunapandaga juu."

"Juu ya nini?"

"Juu ya chochote. Paa, nguzo, mnara. Kule juu ndo kuzuri, mteja hawezi kukufuata na matusi."

Nyangi alimwambia kwamba yeye Fredy hupanda kwanza kisha hukumbuka kwamba vifaa vimebaki chini. Kijana hakukana. Walinikaririsha mpangilio wa zile rangi, nami nikaukariri mara ya kwanza bila kosa. Fredy akapiga meza: "Mwalimu, wewe tukuajiri!"

Kelele nyingi. Hata hivyo nyumba ilikuwa kimya sana alipoondoka.

Ijumaa, 15 Machi

Ngusa, mwenye kampuni ndogo ya intaneti inayowapokea wanafunzi kwa mafunzo ya vitendo, amegawa vituo. Kila mwanafunzi ataunganisha kituo kimoja kwa mikono yake, naye Ngusa akague. Asiyekamilisha kufikia tarehe 31 Mei hapati cheti. Fredy amekwisha kumaliza chake, duka la pembejeo huko kwao Bunda.

Nyangi amepewa zahanati moja ya Butiama. Kilima kinaizuia isiuone mnara wa Musoma, kwa hiyo lazima pawe na antena mbili mahali pa juu, moja ipokee kutoka Musoma, nyingine irushe chini zahanatini. Mahali palipofaa kuliko pote ni paa la nyumba ya ukoo wetu kilimani Mwitongo, anakokaa kaka yangu Burito. Nyangi alirudi akiwa na furaha ambayo sijaiona kwake tangu baba yake azikwe.

"Babu, nyumba yetu wenyewe! Babu Mkubwa hawezi kukataa."

Jumatatu, 18 Machi

Tumekwenda Mwitongo. Burito alikuwa amekaa nje, mguu wake uliovimba akiwa ameuweka juu ya kigoda. Muuguzi wa ile zahanati ndiye anayemsafisha kidonda, kwa hiyo hakukataa antena. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwelekezea Nyangi fimbo.

"Ila huyu asipande. Mwanamke hapandi juu ya nyumba ambayo mwenyewe yu hai. Akipanda, ameniombea kifo."

Mwiko huo naujua tangu utoto. Mimi ni Mkatoliki, wala siamini kwamba nyayo za msichana juu ya bati zinaweza kumwua mzee. Lakini Burito ndiye aliyebaki na ng'ombe ili mimi niende shule. Katika maisha yangu yote sijawahi kumkatalia neno mbele ya watu.

"Hatapanda," nilisema.

Tulipofika Makutano, njiani kurudi, Nyangi akasema, "Babu, hukuniuliza."

Nilimwambia kwamba heshima haiulizwi. Nilidhani nimesema vizuri.

Jumatano, 20 Machi

Mvua kubwa alasiri. Ngusa amekubali kwamba Nyangi atafanya kazi yote ya chini, na mtu mwingine apande.

Jumatano, 27 Machi

Jana sikuandika. Leo nitaandika kwa utaratibu, kwa kuwa sijui njia nyingine.

Jana asubuhi mbingu ilikuwa safi kabisa. Ngusa alitushusha Mwitongo pamoja na ngazi, bomba, antena na vifaa vyote, akateremka na gari kwenda zahanatini kufunga nyaya za ndani. Kijana aliyeahidi kupanda, jirani wa Burito, alikuwa ameondoka kwenda kupalilia ng'ambo ya mto, na simu yake haikupatikana. Tulisubiri. Nyangi alisimamisha ngazi ukutani, akaweka mguu kwenye kipandio cha chini ili apime tu urefu wa kebo.

"Shuka!" Burito alipiga kelele. "Mwalimu, huyu mtoto umemfundisha nini?"

Nyangi alishuka. Akaniangalia. Kazi yenyewe ilikuwa ya saa mbili tu kwa mtu anayeijua, na jua lilikuwa linawaka. Ningeweza kusema neno moja kwa kaka yangu. Badala yake nikatoa simu, nikampigia Fredy huko Bunda.

"Njoo utusaidie kupanda," nilimwambia.

"Sasa hivi, Mwalimu?"

"Sasa hivi."

Alipanda basi hadi Makutano, kisha bodaboda. Alipofika ilikuwa alasiri, na mawingu yalikuwa yamesimama upande wa Serengeti, meusi chini, meupe juu. Aliyatazama akacheka: "Haya ya kwetu yananijua." Nyangi alimwambia waache mpaka kesho. Alimwambia pia kwamba waya wa kupeleka radi ardhini haujafungwa, na kwamba darasani walifundishwa huo uanze. Fredy akasema ataufunga akishuka, kwa kuwa bomba halijasimama bado. Wakabishana. Kisha kijana akanigeukia mimi, mtu mzima wa pale.

"Mwalimu, unasemaje?"

Nilikuwa nimemtoa mbali. Niliona aibu kumrudisha bila kazi. Nilisema, "Umeshafika. Malizeni."

Alipanda. Alisimamisha bomba, akalifunga kwenye kona ya paa, akaanza kukaza antena. Aliimba kidogo. Matone yakaanza. Nyangi akapaza sauti: "Fredy, shuka! Shuka wewe!" Akajibu, "Nati moja tu, mama mkwe!" Hilo ndilo neno lake la mwisho, utani.

Sikumbuki sauti ya radi. Nakumbuka weupe, na harufu, kisha kishindo cha mtu upande wa jikoni. Nyangi alifika kabla yangu. Ngusa alikuja na gari pamoja na muuguzi. Muuguzi akamwekea mkono shingoni, akaushikilia kwa muda mrefu, akauondoa.

Burito hakuwa ameondoka chini ya upenu. Alisema, "Mnaona? Aligusa ngazi."

Alikuwa anamsema Nyangi.

Alhamisi Kuu, 28 Machi

Tumemzika Fredy huko Bunda. Hapakuwa na Misa, kwa sababu ya siku yenyewe. Padre alisoma sala tu. Udongo ulikuwa umelowa, ukawa unashikamana na makoleo.

Mama yake anaitwa Hyasinta. Nilijitayarishia maneno tangu usiku, sentensi nne. Nilipoinama kumpa mkono alisema, bila hasira yoyote, "Wewe ndo Mwalimu. Wewe ndo ulipiga simu. Alikuwa anakula. Nikamwambia, maliza kwanza kula. Akasema, hapana mama, ni Mwalimu huyo."

Zile sentensi nne nilirudi nazo Bweri.

Jumapili ya Pasaka

Sikwenda kanisani. Nyangi hali chakula.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimeitwa Mwitongo. Ukoo unataka boma lisafishwe, jambo ambalo silipingi. Radi ikimpiga mtu nyumbani, wazee hawawezi kukaa bila kutenda. Lakini Burito anataka Nyangi aletwe akasimamishwe mbele ya watu, kwa kuwa ndiye aliyevunja mwiko.

Kwa mara ya kwanza nilimjibu kaka yangu mbele ya wengine. "Kaka, hakupanda. Ulimkataza, akatii. Aliyepigwa ni yule aliyepanda kwa ruhusa yako na kwa amri yangu. Ukitaka wa kusimamishwa, nimekwisha kusimama."

Makongoro, mwana wa Burito, alitazama chini.

"Umesoma sana," Burito alisema. Kisha akageuza uso.

Nilirudi Bweri nikiwa nimelowa mpaka mifupani. Maisha yangu yote nimemwona Burito kuwa ni mlima. Leo nimeona mzee mwenye hofu ya kufa. Sijui kwa nini jambo hili linaniuma kuliko maneno yake.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua. Nyangi amelala siku nzima, uso ukutani.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 12 Aprili

Ziwa limepanda. Watu wanasema vibanda vya wauza samaki vimeingiliwa na maji. Ngusa amekuja, akakaa kwenye kiti alichokalia Fredy. Hakujua. Bomba na antena bado viko juu ya paa la Mwitongo, antena imepasuka. Anasema hawezi kuacha kituo hicho, na hawezi kumpa Nyangi kingine, vyote vimekwisha. Tarehe haibadiliki.

"Msichana huyu ana kichwa kizuri," aliniambia mlangoni. "Nilishapanga nimwajiri kabisa. Bila cheti siwezi, Mwalimu."

Nyangi alikuwa anasikiliza. Alitoka akasema atakwenda kupokea simu za wateja ofisini, kazi ya chini tu. Kupanda, hapana.

Jumatano, 17 Aprili

Nimepita ofisini kwa Ngusa kumpelekea Nyangi mwavuli. Nilimsikia kabla ya kumwona.

"Mama, kuna taa ngapi zinawaka kwenye hicho kisanduku? ... Nyekundu? ... Sawa, chomoa waya wa umeme. Usikate, chomoa. ... Hapana mama, sikutukani."

Alizungumza polepole, kama mtu anayemshika mgonjwa mkono. Sikujua kwamba ana sauti hiyo. Kisha simu nyingine ikaita, akasikiliza muda mrefu.

"Fredy hayupo," alisema. "Nikusaidie mimi."

Aliandika tatizo la mteja kwenye daftari, akalitatua, akashukuru, akaweka simu. Ndipo akaenda nyuma ya mlango. Niliuacha mwavuli mezani.

Jumapili, 28 Aprili

Mahindi yameanguka kwa upepo. Kunde zimeoza.

Jumatano, 8 Mei

Makongoro amepiga simu. Mguu wa Burito umebadilika rangi, wamemlaza zahanatini. Barabara imekatika darajani, gari halipiti. Muuguzi alitaka kumpelekea daktari wa Musoma picha za kidonda ili aelekezwe la kufanya, lakini simu pale bondeni hazishiki. Ikabidi mwendesha bodaboda apande kilimani na simu ya muuguzi, atume picha, asubiri, ateremke na jibu. Jibu lilifika siku ya pili.

Nilivuka kwa miguu. Burito alinitambua.

"Yule mtoto," alisema. "Wa Bunda. Alikuwa anaimba."

"Ndiyo, kaka."

"Nilikuwa namsikiliza."



Jumamosi, 11 Mei

Burito amefariki alfajiri. Sisemi kwamba mtandao ungemponya. Nasema tu kwamba hatutajua.

Ijumaa, 17 Mei

Tumeanua matanga. Baada ya chakula wanaume walikaa kujadili lile bomba la paani. Mmoja akasema ling'olewe, limekwisha kuua. Makongoro akasema, "Mzee hayupo sasa. Mwenye nyumba amekufa. Nyangi apande tu, mwiko umeisha."

Mzee mwingine akakataa. "Haujaisha. Mwenye boma sasa ni Mwalimu, na Mwalimu yu hai. Akipanda, anamwombea huyu."

Wakanitazama wote. Nilisema kwamba antena itabaki, na atakayeifunga ni Nyangi, na kama ni kifo changu kinachoombwa, nina miaka ya kutosha. Makongoro akacheka, kisha wengine. Nilidhani jambo limekwisha.

Jioni nilimweleza Nyangi. Alikuwa anaosha vyombo. Hakugeuka.

"Sipandi, Babu."

"Nimekwisha kuruhusu."

"Si suala la ruhusa. Miguu inakataa. Nikiona ngazi nasikia kile kishindo."

Nilianza kusema kwamba tarehe inakaribia. Akaweka sahani chini.

"Unaona? Umeanza tena. Ulisema hatapanda, hukuniuliza. Leo unasema atapanda, hukuniuliza. Mimi ni nani katika hiyo sentensi?"

Nimekaa na swali hilo mpaka sasa.

Jumanne, 21 Mei

Sijasema lolote. Ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani.

Jumamosi, 25 Mei

Asubuhi, chai ikiwa bado ya moto, Nyangi alisema: "Nikienda, nina masharti."

"Sema."

"Waya wa ardhini unaanza. Hakuna kitu kinapanda kabla yake. Tunaanza asubuhi. Nikiona wingu, hata dogo, nashuka, na hakuna mtu anasema malizia. Ngusa asiseme. Makongoro asiseme." Alinitazama. "Na wewe usiseme."

"Sitasema."

"Siku hiyo mimi ndo nasemaga."

Sikumsahihisha.

Alhamisi, 30 Mei

Tulifika Mwitongo umande ukiwa haujakauka. Darajani wameweka magogo, gari limepita. Nyangi alichimba, akapigilia chuma kirefu ardhini kwa nyundo, akafunga waya mnene, akaupima mara mbili kwa kifaa. Makongoro alimwuliza kama anachimba kisima. Nyangi alifuta udongo mikononi. Kisha akavaa mkanda wa usalama, akasimama mbele ya ngazi kwa muda mrefu sana. Nilishika ngazi. Akapanda.

Aliunganisha ule waya wa ardhini na bomba kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Aliitoa antena iliyopasuka, akaiteremsha kwa kamba. Akaipandisha mpya, akaifunga, akaanza kuielekeza Musoma huku akisoma namba kwenye simu. Ngusa, aliyekuwa chini, alisema ishara inakuja vizuri. Ilibaki antena ya pili, ya upande wa zahanati.

Ndipo nikaona kwa mbali, upande wa Serengeti, wingu moja, dogo kama shuka lililoanikwa. Nilijua kwamba kesho ndiyo siku ya mwisho. Nilijua pia kwamba ikinyesha usiku, magogo ya daraja yatakwenda na maji na sisi hatutarudi. Neno lilifika mdomoni mwangu lenyewe. Nililiuma.

Nyangi aliinua uso, akaliona. Akafungua mkanda, akashuka.

"Aa, Nyangi!" Makongoro alisema. "Hilo si wingu, ni moshi wa mtu anapika. Bado kidogo tu!"

Ngusa alifungua mdomo, akanitazama, akaufunga.

Tukakaa ndani ya nyumba. Wingu lilipita kaskazini, wala halikudondosha hata tone. Makongoro alicheka mpaka akakohoa. Nyangi alikuwa amekaa sakafuni, mikono magotini, uso umelowa jasho. Akasema, "Leo imetosha." Nikaenda nikailaza ngazi chini.

Tumelala hapa hapa Mwitongo. Juu ya bati kuna sauti za matone machache. Nayasikiliza moja moja.

Ijumaa, 31 Mei

Matone yaliishia hapo. Asubuhi mbingu ilikuwa safi, kama ile ya tarehe 26 Machi.

Nyangi alipanda bila kusimama mbele ya ngazi. Niliishika. Mimi ndiye mwenye nyumba, nami ni hai, na mjukuu wangu alikuwa juu ya paa langu. Nilisikia kila hatua yake kwenye bati. Aliifunga antena ya pili, akaielekeza bondeni, akageuza kidogo, akageuza tena. Ngusa alikuwa zahanatini. Simu ya Nyangi ikaita, kupitia mtandao huo mpya, akaiweka kwa sauti ya juu ili nisikie.

"Inasoma," Ngusa alisema. "Nimempata daktari wa Musoma, namwona usoni. Nyangi, shuka, kazi imekubaliwa."

Hakushuka mara moja. Alibaki pale kwenye kona ya paa, palepale aliposimama Fredy, mkono ukiwa juu ya bomba. Aliimba kidogo, sauti ya chini sana, wimbo ule ule. Sikumwambia aharakishe. Niliishika ngazi mpaka mguu wake ulipogusa ardhi.

Keshokutwa ni Jumapili. Nitakwenda Bunda kwa Hyasinta kumwambia kwamba kazi aliyoiacha mwanawe imekwisha, na nani aliyeimaliza, na nani aliyesema "malizeni" siku ile. Sitapiga simu. Nitakwenda mwenyewe.